Kifo cha mtoto kisichopitiwa hurudi tena

Mtoto anapofariki wodini, hospitali nyingi za wilaya katika Afrika Mashariki huandika mambo matatu kabla mwili haujakabidhiwa kwa wazazi: jina lake, umri wake na ugonjwa unaodhaniwa kuwa umemuua. Mstari huo mmoja wa daftari, ambao mara nyingi husomeka "malaria kali", "nimonia" au "upungufu wa damu", hujumlishwa na mistari mingine mwisho wa mwezi na kupelekwa ngazi ya juu kama takwimu. Kisichoandikwa katika mstari huo ndicho kinachoweza kumwokoa mtoto atakayelazwa kwenye kitanda hicho hicho wiki inayofuata, yaani marehemu alifika saa ngapi, alionwa baada ya muda gani, alipimwa nini, dawa iliagizwa lini na ikaingia mwilini lini, na ni wapi katika safari yake, kuanzia nyumbani hadi kitandani, mambo yangeweza kwenda vingine.

Kazi ya kutafuta majibu hayo kwa utaratibu maalumu huitwa mapitio ya vifo. Watumishi wa afya hukutana muda mfupi baada ya kifo, faili la marehemu likiwa mezani, wakafuatilia huduma aliyopewa hatua kwa hatua, wakailinganisha na ile ambayo miongozo ya tiba inasema alistahili, wakataja yaliyopungua, kisha wakakubaliana nani atarekebisha nini na kufikia tarehe gani. Hospitali inayoiacha hatua hiyo ya mwisho huwa imekutana kusikitika tu.

Vifo vilivyobaki viko karibu na kitanda

Umuhimu wa utaratibu huu unaonekana katika takwimu zenyewe. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1990 watoto 93 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai duniani walikufa kabla ya kutimiza miaka 5, na kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 37, jumla ya vifo hivyo ikawa chini ya milioni 5 kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Tanzania ilishuka kutoka vifo 112 kwa kila 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2004/05 hadi 43 katika utafiti wa 2022, na Kenya ilirekodi vifo 41 mwaka huo wa 2022. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea kwa mwaka 2030 ni vifo visivyozidi 25, na visivyozidi 12 kwa watoto wachanga, yaani wale walio katika siku 28 za kwanza za maisha.

Sehemu kubwa ya ushindi huo imeletwa na kinga inayomfikia mtoto akiwa nyumbani au kliniki, ikiwemo chanjo, vyandarua vyenye dawa, matone ya vitamini A na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama. Vifo vilivyobaki havizuiliki kwa urahisi huo, kwa kuwa vingi vinahitaji huduma makini ya saa kwa saa. Katika vifo 43 vya Tanzania, 24 hutokea katika siku 28 za kwanza, na wengi wa watoto hao ni njiti, au walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au walipata maambukizi. Kwa kuwa takriban akina mama wanane kati ya kumi nchini humo sasa hujifungulia katika vituo vya huduma, mtoto anayekufa leo mara nyingi huwa tayari yuko mikononi mwa wahudumu, na ubora wa huduma anayoikuta humo ndio unaoamua hatima yake.

Fikra iliyoanzia kwa akina mama

Wazo la kuchunguza kifo kimoja kimoja ili kujifunza si geni. England na Wales zilianzisha uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi mwaka 1952, siri hiyo ikimaanisha kwamba majina ya mgonjwa na ya wahudumu yaliondolewa ili ukweli usemwe bila woga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupitia vifo vya akina mama mwaka 2004, ukafuatiwa na ule wa watoto wachanga na wanaozaliwa wafu mwaka 2016, na hatimaye mwaka 2018 likatoa mwongozo wa kupitia vifo vya watoto wote wanaofia hospitalini. Tanzania ilikuwa na mwongozo wake wa kupitia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga tangu mwaka 2006, ikauboresha mwaka 2015.

Mpangilio huo wa miaka unaeleza pengo lililopo wodini. Mama anapofariki akijifungua, taarifa hutakiwa kutolewa ndani ya saa 24 na wakubwa wa wilaya huulizia, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapofariki kwa kuhara na kuishiwa maji, katika hospitali nyingi hakuna simu inayopigwa wala kikao kinachoitishwa, ingawa kifo cha namna hiyo ni cha kawaida zaidi na mara nyingi ni rahisi zaidi kukizuia. Pengine ni ule ukawaida wake unaokifanya kionekane kama jambo lisilohitaji maelezo.

Kuisimulia upya safari ya mtoto

Mapitio mazuri huanza kwa kuisimulia upya safari ya mtoto kwa mpangilio wa tarehe na saa. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba kifo cha uzazi mara nyingi hutanguliwa na ucheleweshaji wa aina tatu, wa kuamua kutafuta huduma, wa kuifikia, na wa kuipata baada ya kufika, na mgawanyo huo unamfaa mtoto vilevile. Utaratibu wa Afrika Kusini unaojulikana kama Child PIP, ulioanza kutumika katika hospitali za nchi hiyo mwaka 2004, uliongeza dhana ya mambo yanayorekebishika, yaani jambo lolote lililotendwa au kuachwa ambalo lau lingekuwa vingine huenda mtoto angepona. Kila jambo la aina hiyo huulizwa lilitokea wapi, iwe nyumbani, zahanati, njiani, mapokezi au wodini, na liko mikononi mwa nani, iwe familia, mtoa huduma au uongozi.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonyesha tofauti kati ya daftari na mapitio. Daftari linasema mtoto wa miezi 9 amekufa kwa nimonia. Mapitio yanagundua kwamba siku mbili kabla alipelekwa zahanati akapewa dawa ya malaria bila kuhesabiwa pumzi, ingawa pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa umri huo ni dalili ya nimonia, na kwamba baada ya kuandikiwa rufaa familia ililala ikitafuta nauli. Hospitalini alisubiri kwenye foleni pamoja na watoto wenye mafua, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuwatambua walio mahututi. Kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, kile kinachobanwa kidoleni, kilikuwa chumba cha upasuaji, hivyo hakuna aliyejua kwamba oksijeni yake ilikuwa chini ya asilimia 90, kiwango ambacho mgonjwa wa aina hiyo anatakiwa kuanzishiwa oksijeni. Sindano ya kwanza ya antibayotiki iliandikwa saa 1 usiku na kuchomwa saa 5, kwa sababu funguo za kabati la dawa aliondoka nazo mtumishi aliyemaliza zamu.

Katika mlolongo huo hakuna jambo lililohitaji daktari bingwa wala jengo jipya. Kuhesabu pumzi kunahitaji saa na subira, kifaa cha kidoleni kinahitaji kukaa mahali watoto walipo, na funguo zinahitaji kukabidhiwa pamoja na zamu. Hata hivyo, neno "nimonia" lililoandikwa daftarini lisingemfanya mtu yeyote azitafute funguo hizo, na mtoto mwingine angezisubiri usiku mwingine.

Daftari linapopotosha

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na mstari wa daftari, nayo ni kwamba chanzo cha kifo kilichoandikwa chenyewe huweza kuwa si sahihi. Mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliowahusu watoto na watu wazima 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu yao ilipopimwa kwa umakini, ni 2,062 tu, sawa na asilimia 46, waliokutwa na vimelea. Wasiokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango cha asilimia 12.1, wakati wenye malaria ya kweli walikufa kwa asilimia 6.9, na ingawa wengi wa wasio na vimelea walikuwa na dalili zilizostahili antibayotiki, si wote waliozipata. Jina la malaria lilikuwa limekuwa pazia, na nyuma yake wagonjwa walikufa kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Hali kama hiyo ilijitokeza katika vyumba vya kujifungulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za Tanzania yalionyesha kwamba baada ya wakunga kufundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua kwa kumkausha, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu nayo ilipungua kwa asilimia 24. Kwa kuwa mfuko wa hewa haumfufui aliyekwisha kufa, maelezo yanayokubalika ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, ila hawakuwa wamevuta pumzi ya kwanza.

Uhaba si jibu la mwisho

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba hospitali isiyo na damu, oksijeni wala wauguzi wa kutosha haina haja ya kikao cha kuiambia kwamba haina vitu hivyo. Pingamizi hilo lina ukweli, kwani muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huweza kukabidhiwa watoto makumi kadhaa, na hakuna mapitio yanayoweza kumgeuza kuwa wauguzi wanne. Lakini neno "uhaba" likikubaliwa kuwa jibu la mwisho, hufunga maswali mapema mno, kwa sababu hospitali yenye kidogo ndiyo inayopaswa kujua kwa uhakika zaidi kidogo hicho kinapotea wapi.

Mfano mmoja unatoka Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Ilifahamika huko, kama ilivyo katika hospitali nyingi za Afrika, kwamba watoto wengi waliokufa walikufa ndani ya siku ya kwanza, wengine wakiwa hawajafika kitandani. Sehemu ya mapokezi ya watoto ikapangwa upya ili kila anayeingia atazamwe mara moja na kuwekwa katika moja ya makundi matatu: mwenye dharura anayetibiwa papo hapo, anayestahili kutangulizwa, na anayeweza kusubiri. Kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Huko Papua New Guinea, hospitali 5 zilizopewa mashine za kuzalisha oksijeni na vifaa vya kuipima ziliona vifo vya nimonia vikipungua kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008. Oksijeni iligharimu fedha, na fedha hutolewa kwa urahisi zaidi pale anayeomba anapoweza kuonyesha ni watoto wangapi walikufa kwa kuikosa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali msemo huo unapouma kama wodini, ambako kinachopotea ni uhai. Kikao cha mapitio hakiwezi kuona zaidi ya kilichoandikwa, na faili lisilo na uzito wa mtoto, saa ya kufika, kiwango cha sukari ya damu au saa ya dozi ya kwanza huwaacha wajumbe wakikisia, na ukisiaji una tabia ya kumwangukia asiyekuwepo kikaoni, aghalabu mama wa mtoto anayesemwa kuwa "alichelewa".

Nchini Kenya, Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na wa shirika la Wellcome Trust walianzisha mwaka 2013 mtandao wa taarifa za tiba ulioanza na hospitali 14. Fomu moja ya kumlaza mtoto, yenye nafasi maalumu ya kila dalili muhimu, ilitumika kote, taarifa zikaingizwa kwenye kompyuta na kurudishwa kwa wahudumu wenyewe kwa njia ya ripoti za mara kwa mara, ili kila wodi ijue ni dalili zipi inazoacha kuandika na ni dawa zipi inazokosea kipimo. Fomu hiyo ina faida ya ziada, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya sukari ya damu humkumbusha daktari aliyechoka saa 9 usiku kwamba mtoto mwenye degedege hajapimwa.

Lawama huua maarifa

Adui mkubwa wa mapitio ni hofu. Pale kikao kinapogeuka baraza la kumtafuta mkosaji, watumishi hujifunza haraka namna ya kujikinga: faili hupotea, saa hurekebishwa, kifo cha mtoto aliyelia mara moja huandikwa kama cha aliyezaliwa mfu, na muuguzi kijana aliyeona kila kitu hunyamaza mbele ya wakubwa wake. Kwa hiyo miongozo inasisitiza kwamba majina yasiandikwe kwenye muhtasari, kumbukumbu za kikao zisitumike kama ushahidi wa nidhamu, na kila aliyegusa safari ya mtoto awe na nafasi ya kusema, pamoja na mtu wa maabara, wa dawa na dereva wa gari la wagonjwa. Kiongozi mwenye busara huuliza kwanza "ni nini kilichofanya uamuzi huo uonekane sahihi wakati ule?" na kuyaacha maoni yake hadi mwisho.

Utaratibu huo hauwafutii wazazi haki ya kudai uwajibikaji. Mtumishi aliyeomba rushwa kabla ya kumhudumia mtoto mahututi, au aliyelewa zamuni, anastahili kufikishwa kwenye vyombo vya nidhamu na vya sheria, lakini njia hiyo iwe tofauti na meza ya mapitio, kwa kuwa zikichanganywa zote mbili hushindwa. Makosa mengi yanayoonekana katika mafaili hutendwa na watu wenye nia njema waliowekwa katika mpangilio mbaya, na kumhamisha muuguzi mmoja huku funguo za kabati zikiendelea kwenda nyumbani na aliyemaliza zamu ni kuubakiza msiba palepale.

Mwongozo nao hupimwa

Unyenyekevu unahitajika pia kwa upande wa sayansi, kwa sababu mapitio hupima huduma kwa kipimo cha mwongozo, na mwongozo wenyewe huweza kukosea. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri mwilini alitakiwa kupewa maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, uliofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza, kwa zaidi ya watoto 3,000, ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi, kwa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, kuliko wasiopewa, ambao vifo vyao vilikuwa asilimia 7.3. Kabla ya mwaka huo kikao chochote kingemkosoa daktari aliyesita kuifungulia dripu. Hivyo mapitio na utafiti hutegemeana, na hospitali za Afrika Mashariki, ambazo zimewahi kuipa dunia jibu hilo, zina sababu ya kuyaamini maswali yanayotoka katika wodi zao wenyewe.

Azimio lisilofuatiliwa

Udhaifu unaojirudia katika nchi nyingi hauko kwenye kuitisha vikao bali kwenye kinachofuata. Maazimio kama "watumishi waongeze umakini" au "jamii ielimishwe" hayana mwenye nayo wala tarehe, na hurudi mwezi unaofuata yakiwa na kifo kingine nyuma yake. Azimio lenye maana humtaja mtu kwa cheo chake, hutaja jambo dogo linalopimika, na kikao kinachofuata hakifunguliwi kabla halijaulizwa. Yale yaliyo nje ya uwezo wa hospitali, kama ajira, damu salama na magari ya rufaa, yapelekwe kwa maandishi kwenye halmashauri nchini Tanzania au kwenye serikali ya kaunti nchini Kenya, ambako huduma za afya zimegatuliwa tangu mwaka 2013, ili bajeti ijadiliwe ikiwa na idadi ya watoto mbele yake. Hospitali iliyoelemewa inaweza kuanza na kifo kimoja kwa wiki na nusu saa ya mazungumzo, mradi kifo hicho kikamilishwe hadi mwisho.

Katika misiba ya Afrika Mashariki wazazi waliofiwa huambiwa kwamba ni mipango ya Mungu, na maneno hayo yana faraja ambayo hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya. Faraja hiyo lakini ni ya mfiwa, na hospitali haina ruhusa ya kuiazima kama maelezo ya kitaalamu, maana aliyekabidhiwa mtoto akiwa hai anadaiwa hesabu ya kila saa aliyokaa naye. Deni hilo linaweza kuanza kulipwa kwa kalamu na rula, kwa kuongeza safu moja katika daftari la vifo, baada ya jina, umri na ugonjwa: kilichobadilika wodini baada ya mtoto huyu.